Case, Remington, Schrade au Buck: uanze na visu vipi vya kale vya Marekani?

Anayetaka kukusanya visu vya mfukoni vya Marekani, vile vya kukunja vya zamani, hukutana mapema na majina manne: Case, Remington, Schrade na Buck. Yapo mengine mazuri, Camillus, Queen na Robeson yakiwamo, lakini haya manne ndiyo yanayowakwamisha watu, kwa sababu kila moja lina hoja yake nzito na bei zake zinatofautiana sana.

Vyote hukata vizuri, kwa hiyo ubora wa makali hausaidii sana kuamua. Kinachosaidia ni kujua kila ukoo humponza mnunuzi kwa njia gani. Kwenye Case watu huumia kwa kusoma muhuri haraka. Kwenye Remington huumia kwa ughushi. Kwenye Schrade huumia kwa kutu na kwa kununua vingi visivyo na tofauti. Kwenye Buck, mwenye kisu huharibu thamani kwa mikono yake mwenyewe, akidhani anakisafisha. Chagua ukoo ambao kosa lake unaweza kulizuia au kulimudu.

Vigezo, na ukaguzi unaotangulia jina

Kila ukoo utapimwa kwa mambo matano: umri wake unasomekaje, ni nini kinachoharibika, ughushi ukoje, gharama na upatikanaji, na nani anafaa kuuchukua.

Kabla ya hayo kuna ukaguzi usiobadilika kwa kisu chochote. Beba lupa, yaani kioo cha kukuzia, ya mara 10, rula ya milimita, kurunzi ndogo na sumaku. Fungua bapa, yaani kile chuma chenye makali, polepole. Springi nzima huvuta mwanzo hadi mwisho, na bapa hulia "tak" linapofika. Likamate lililofunguka kwa vidole viwili ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, pini yake imelika au kisu kimewahi kuvunjwa na kuunganishwa upya.

Sasa kifunge uchungulie ncha. Kwenye kisu kizima ncha hujificha kidogo tu chini ya ukingo wa mpini. Ncha inayochomoza ni dalili kwamba ya awali ilivunjika, ikachongwa upya kutoka upande wa makali. Mgongo wa bapa uliozama kuliko kawaida unaonyesha kwamba kijinundu kinachokaa juu ya springi kimepigwa tupa ili kuficha jambo hilohilo. Muuzaji anaweza asijue. Hata hivyo bei ishuke.

Sumaku ni ya vichwa vya mpini, vile vipande vya chuma vilivyo miishoni. Shaba ya njano na aloi nyeupe ya nikeli havivutwi, chuma huvutwa. Visu vya daraja la juu vya Case na Remington kwa kawaida vina aloi ya nikeli, kwa hiyo sumaku ikinata ni lazima uulize.

Lupa ni ya mpini. Mfupa wa kweli una vinyweleo vidogo, hasa unapouangalia miishoni na kwenye kingo, na michongo yake haifanani kabisa upande kwa upande. Delrin, plastiki ngumu ya kampuni ya DuPont, haina vinyweleo na michongo yake hujirudia. Delrin iliingia sokoni mwaka 1960. Kisu kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1930 chenye mpini wa Delrin si cha miaka hiyo, au kimebadilishwa mpini. Kanuni hii peke yake imeokoa pesa nyingi.

Kuhusu hali ya kisu, wengi hufuata daraja za National Knife Collectors Association. Kipya kabisa ni kile kilichotoka kiwandani, hakijatumika wala kunolewa. Daraja la "bora" huruhusu bapa kuwa limeliwa isizidi asilimia 10, "nzuri sana" ni kama asilimia 25, na "wastani" ni kama nusu. Kisu kilichonolewa mara moja tu tayari si kipya, hata kiking'aa namna gani. Ulizia hilo kwa maneno hayo hayo unapoagiza kwa picha.

Case: anayependa kusoma

W.R. Case & Sons wa Bradford, Pennsylvania, ndio wanaokusanywa kuliko wote, na sababu kubwa ni kwamba kisu chenyewe hukueleza kilivyo.

*Umri.* Muhuri uko kwenye shina la bapa, pale linapoingia mpinini. "Case Tested XX" ni wa takriban 1920 hadi 1940. "Case XX" ni 1940 hadi 1964. "Case XX U.S.A." ni 1965 hadi 1969. Mwaka 1970 kampuni iliweka vidoti kumi chini ya muhuri, ikawa inapunguza kimoja kila mwaka: vidoti tisa ni 1971, vitano ni 1975, kimoja ni 1979. Mwaka 1980 ilianza upya na vidoti kumi, safari hii herufi S ya jina ikiwa imechongoka kama radi. Kwa hiyo usihesabu vidoti kabla hujatazama S. Watu wamenunua kisu cha 1984 wakidhani ni cha 1974 kwa kuruka hatua hiyo.

Namba ya upande wa pili nayo ina sarufi yake. Tarakimu ya kwanza ni mpini: 6 ni mfupa, 5 ni pembe ya kulungu, 3 ni plastiki ya njano, 2 ni nyeusi. Ya pili ni idadi ya mabapa. Zinazobaki ni umbo. Hivyo 6254 ni mfupa, mabapa mawili, umbo la 54 liitwalo Trapper, lenye urefu wa sentimita 10.5 kikiwa kimefungwa. 6318 ni mfupa, mabapa matatu, umbo la 18, Stockman. Visu vingi vya enzi ya Tested havina namba hii, na hilo si kasoro. Jihadhari na 6 ya baadaye: Case waliendelea kuitumia hata mpini ulipokuwa wa Delrin, kwa hiyo namba haikupi ruhusa ya kuacha lupa.

*Kinachoharibika.* Mfupa hunywea na kupasuka kwenye pini, hasa ukikauka na kulowa kwa zamu. Usiuloweke majini. Mabapa ya zamani ni ya chuma cha kaboni na hushika kutu. Yenye alama SS hayashiki kutu kwa urahisi.

*Ughushi.* Hila ya Case ni ya kuondoa. Mtu husaga maneno "U.S.A." kwenye kisu cha 1965–69 ili kisomeke "Case XX", au hufuta vidoti vya 1970 ili kirudi miaka ya 1960. Shina lililosagwa huwa na bonde dogo: lilaze bapa chini ya mwanga wa pembeni, uone kama uso umezama chini ya maandishi yaliyobaki. Linganisha pia na shina la bapa la pili. Lakini kumbuka kwamba mihuri miwili tofauti katika kisu kimoja inaweza kuwa halali, maana kiwanda kilitumia mabapa yaliyobaki kila muhuri ulipobadilika. Kisu cha namna hiyo huwa na jirani wa karibu, tuseme vidoti kumi na "U.S.A." bila vidoti. Tested pamoja na vidoti vitatu si mpito. Ni bapa la kubandikizwa.

*Gharama na anayefaa.* Wigo ni mpana: visu vya vidoti hupatikana kwa bei ya kawaida, Tested za pembe ya kulungu ni ghali. Ukoo huu unamfaa mwenye subira ya kusoma, na anayetaka lengo lenye mwisho, kama kukamilisha 6254 kumi, moja kwa kila mwaka kuanzia 1970 hadi 1979.

Remington: anayetaka kichache na kizito

Kampuni hii ya bunduki iliingia katika visu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kiwanda kikiwa Bridgeport, Connecticut, na ikauza mitambo ya visu kwa Pal Blade Company mwaka 1940. Takriban miaka 20 tu. Ufupi huo ndio unaozaa bei.

Umri wake ni rahisi kuliko wa Case, kwa sababu kila kitu kimo ndani ya miongo hiyo miwili. Muhuri unaojulikana zaidi ni wa duara wenye jina Remington na herufi UMC. Namba huanza na R, na tarakimu ya mwisho hutaja mpini: 3 ni mfupa, 4 ni ganda la chaza, 5 ni seluloidi waliyoiita Pyremite, 6 ni pembe ya kulungu, 8 ni mti wa cocobolo. R1123 ni kisu kikubwa cha sentimita 11.4 chenye mpini wa mfupa na ngao, yaani kibati kilichopachikwa mpinini, ya umbo la risasi. Hicho, pamoja na ndugu zake kama R1303 chenye kufuli mgongoni, ndivyo vinavyoitwa Bullet, na ndivyo ndoto ya wakusanyaji wengi.

Kinachoharibika, zaidi ya kutu, ni seluloidi. Plastiki hii ya kale ikizeeka hutoa gesi yenye tindikali. Gesi hiyo hula chuma kilicho karibu nayo, na haibagui: kisu kimoja kibovu ndani ya sanduku lililofungwa huharibu cha jirani. Dalili ni harufu kali ya kafuri, unga wa kijani kwenye shaba, na kutu ya kahawia mahali palepale bapa linapolala likifungwa. Mpini wa aina hiyo utenge, uweke panapopita hewa, mbali na moto, kwani seluloidi huwaka kwa kasi. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki. Hakuna tiba, kuna kuchelewesha tu.

Sasa ughushi. Hapa ndipo Remington inapohitaji moyo. Tangu 1982 kampuni imekuwa ikitoa Bullet za ukumbusho, na vingi vya mwanzo vina mipini ya Delrin. Ni visu halali vyenye mashabiki wake, lakini vinauzwa kwa wasiojua kana kwamba ni vya 1925. Kanuni ya Delrin inatosha kuvitambua vyenye mpini huo. Vya kughushi hasa ni vigumu zaidi: mpini wa mfupa mpya, ngao ya risasi iliyopachikwa kwenye Remington ya kawaida isiyo Bullet, au muhuri uliopigwa juu ya bapa la kale lisilo na jina. Angalia ukingo wa ngao: ya asili imekaa ndani ya mfupa bila mwanya, na uchafu wa umri umejaa sawasawa pande zote. Mwanya wenye gundi au mfupa mweupe mpya pembeni ni sababu ya kuondoka. Kisha soma namba. Ngao ya risasi kwenye kisu ambacho namba yake si ya Bullet haihitaji mjadala zaidi.

Bullet za asili huuzwa kwa mamia ya dola, na nzuri kweli hufika maelfu. Si lazima uanzie huko. RS3333, kisu cha maskauti chenye mabapa manne, ni Remington ya enzi ileile kwa bei ya chini sana, na hufundisha jicho lako mfupa wao na mlio wa springi zao. Remington inamfaa anayenunua kimoja au viwili kwa mwaka, kutoka kwa muuzaji anayeandika dhamana ya kurudisha pesa.

Schrade: anayetaka kushika vingi

Kina Schrade walianza Walden, New York, mwaka 1904. Mihuri ni mitatu mikubwa: "Schrade Cut Co" hadi 1946, "Schrade Walden" hadi karibu 1973, kisha "Schrade U.S.A." hadi kiwanda cha Ellenville kilipofungwa mwaka 2004. Ukiona jina Schrade bila U.S.A. kwenye kisu kinachoonekana kipya, huenda ni cha China, kwani jina liliuzwa na uzalishaji ukahamia huko. Tarehe kamili ndani ya kila kipindi ni ngumu kuipata, na huo ndio udhaifu wake mkubwa mbele ya Case.

Mstari wa Old Timer ulianza 1959 na ndio mlango wa wengi: 8OT yenye mabapa matatu na urefu wa karibu sentimita 10, 34OT iliyo ndogo kidogo, 108OT ya kuingia mfuko wa shati. Mipini ni ya Delrin ya kahawia iliyochanjwa kama kwa msumeno. Haipasuki, hainywei, haijali jasho. Mabapa ndiyo yanayodai kazi, maana ni chuma cha kaboni aina ya 1095. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, penye hewa ya chumvi, kisu hiki kikikaa kwenye droo bila mafuta kitapata kutu ndani ya muda mfupi. Ukoo wa Uncle Henry wa kiwanda hichohicho, ulioanza 1967, una chuma kisichoshika kutu kwa urahisi na ndio jibu kwa mtu wa pwani asiyetaka kufungua droo kila mwezi.

Ughushi ni mdogo kwa sababu bei ni ndogo. Kuna jambo moja: kiwanda kilipofungwa, sehemu zilizobaki zilitawanyika, na wapo waliounganisha visu kwa vipande hivyo. Mabapa yasiyopangana katikati, pini zenye alama za nyundo na nyufa nyembamba kwenye shaba ndivyo vya kutazama.

Schrade za Walden na za U.S.A. hupatikana kwa makumi ya dola kwenye magulio na minada ya mali za marehemu kote Marekani. Zinamfaa anayejifunza kwa mikono, mwenye bajeti finyu, na anayetaka kisu anachoweza kukitumia bila majuto. Weka kikomo mapema, lakini. Visu 40 vya 34OT vya enzi moja havimfundishi mtu zaidi ya vitano.

Buck 110: anayependa umbo moja

Buck 110 ilitoka San Diego, California, mwaka 1964. Bapa moja la sentimita 9.5, kufuli mgongoni, mti mweusi katikati ya shaba nzito. Kinakaribia gramu 200. Hapa hukusanyi maumbo. Unakusanya mabadiliko madogo ya kisu kimoja.

Umri husomwa kwa ngazi mbili. Muhuri wa zamani kabisa ni BUCK peke yake, ukafuatwa na BUCK U.S.A., kisha namba 110 ikaongezwa, na vidoti kando yake katika miaka ya 1970. Kuanzia 1986 kuna alama ndogo ya mwaka kwenye kila bapa. Ngazi ya pili ni chuma: 440C hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha 425M, kisha 420HC kuanzia miaka ya 1990. Kampuni ilihamia El Cajon mwaka 1980 na Post Falls, Idaho, mwaka 2005, kwa hiyo sanduku na karatasi zenye anwani nazo ni ushahidi.

Kinachoharibika ni vitu viwili. Kufuli hulika kwa kisu kufunguliwa kwa mkupuo. Bonyeza mgongo wa bapa lililofunguka na uone kama linashuka. Cha pili ni ala ya ngozi. Inapendeza, na ndiyo huleta ukijani kwenye shaba na madoa kwenye chuma, kwa sababu dawa za kulainishia ngozi hubaki ndani yake na unyevu huziamsha. Hifadhi kisu kando na ala kando.

Ughushi wa 110 za kawaida si tatizo kubwa. Ung'arishaji ndio tatizo. 110 za mwanzo zina pembe kali za shaba, na gurudumu la kung'arishia huzifanya duara ndani ya dakika mbili. Kisu cha miaka ya 1960 chenye pembe laini na shaba inayometa kama sufuria mpya kimepoteza kile kilichokifanya kitafutwe. Shaba ya hudhurungi iache ilivyo.

Buck inamfaa mtu wa kutazama tofauti ndogo, na anayetaka kisu cha kazi kilicho na historia. Za miaka ya 1980 na baadaye ni nafuu. Za muhuri wa BUCK peke yake ni adimu na bei yake inajulikana na kila muuzaji.

Utunzaji unaobadilisha uamuzi

Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli, na kitambaa chenye mafuta hayohayo juu ya bapa, mara moja kwa mwezi pwani na mara moja kwa miezi mitatu penye hewa kavu. Usitumie mafuta ya kupikia; huganda na kunata. Rangi ya kijivu au ya bluu kwenye chuma cha kaboni ni ngozi ya umri, iache. Kutu nyekundu ndiyo inayokula: iondoe kwa pamba ya chuma laini kabisa, ya namba 0000, ikiwa imelowa mafuta, ukifuata mikwaruzo ya kiwanda na bila kugusa muhuri. Kama kazi hii huiwezi kila mwezi, Uncle Henry, Case za SS na Buck zinakufaa kuliko Remington, hata kama pesa unayo.

Kwa hali yako

Una bajeti ndogo na hujawahi kushika kisu cha kale: nunua Schrade Walden moja na Old Timer moja ya U.S.A., zote za mabapa matatu, uzifungue na kuzifunga mpaka mkono ujue springi nzima ikoje. Baada ya hapo ndipo uangalie Case.

Unapenda orodha na tarehe: Case za vidoti, umbo moja. Anza na mwaka wa 1970 au wako wa kuzaliwa kama unaingia humo.

Unataka kisu kimoja cha kumwachia mtoto: Case XX ya mfupa katika daraja la "bora" au Buck ya muhuri wa miaka ya 1970, pamoja na karatasi zake. Remington pia, ikiwa muuzaji anakubali kuandika kwenye risiti kwamba ni ya kabla ya 1940 na kwamba mpini na ngao ni vya asili. Akikataa kuandika, usinunue.

Unaishi Marekani na unarudi nyumbani likizo: visu vyote viingie kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, kamwe si la mkononi, na uulize kwanza sheria ya nchi unakokwenda kuhusu urefu wa bapa na kufuli. Visu vya kufyatuka kwa kitufe, ambavyo Schrade walivitengeneza kwa wingi kabla ya sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1958 kubana biashara yake kati ya majimbo, viache huko hata kama bei ni nzuri.

Umeona Bullet kwa nusu ya bei kwenye mtandao: omba picha tatu, shina la bapa pande zote mbili, ngao kwa karibu chini ya mwanga wa pembeni, na mwisho wa mpini ambapo vinyweleo vya mfupa huonekana. Mwenye kisu cha kweli huzituma siku hiyohiyo.